Gari la Wagonjwa Liko Juu ya Mawe: Beringi ya Gurudumu la Mbele na Jinsi Inavyobadilishwa

Katika mikutano ya vijiji kuna swali ambalo halikosi mwulizaji. Gari la wagonjwa limeonekana barabarani Jumatatu likitembea vizuri, na Jumanne liko karakana, juu ya mawe, halina gurudumu la mbele. Dereva akiulizwa hujibu kwa neno moja: "Beringi." Wananchi huondoka wakinung'unika kwamba kata nzima imekosa usafiri wa wagonjwa kwa sababu ya kifaa kinachoenea kiganjani, ilhali gari lenyewe lilikuwa bado linatembea.

Manung'uniko hayo yana haki ya kujibiwa, na jibu lake halipatikani ila kwa kueleza kifaa hicho ni nini, hufanya kazi gani, na kwa nini fundi mwaminifu hakubali gari liondoke "mara moja tu, tukirudi utatengeneza." Maelezo haya yanawahusu pia wenye magari madogo ya kukodi, hasa madereva wa jamii wanaosafirisha kina mama wajawazito na watoto wachanga chini ya mfumo wa m-mama, ule unaoitwa kwa kupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa halipo, mama huyo hupanda gari la dereva wa jamii, na gari hilo nalo lina beringi.

Tuanze na gari lenyewe. Magari mengi ya wagonjwa katika halmashauri za vijijini ni Toyota Land Cruiser za muundo wa zamani, zile ambazo watu huziita hadi leo hardtop. Katika gari hilo gurudumu la mbele huzunguka juu ya mhimili mfupi wa chuma ambao wenyewe hauzunguki. Gurudumu limefungwa kwa nati kwenye chuma kinene cha mviringo kiitwacho habu, ambacho hubeba pia diski ya breki. Habu ni yenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo mna beringi mbili: kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila beringi ina rola za chuma kigumu zilizopangwa kuzunguka duara, na rola hizo hubingirika ndani ya pete iliyoshindiliwa katika habu, ambayo mafundi huiita kikombe. Kati ya rola na kikombe hakuna kitu ila utando mwembamba wa grisi.

Rola hizo si za mviringo ulio sawa kotekote. Zimechongwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, kama kipande cha koni. Muundo huu ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1898 kwa jina la Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi, na shida aliyoitatua ndiyo ileile tuliyo nayo kwenye kona za barabara zetu za milimani. Gari likienda moja kwa moja, uzito wake hushuka chini tu. Likiingia kona, uzito husukuma gurudumu kwa ubavu pia. Rola ya koni huupokea uzito wa juu na msukumo wa ubavu kwa pamoja, mradi beringi mbili zimepangwa zikitazamana na kukazwa kwa kiasi kinachofaa. Neno hilo, kiasi, tutalirudia, kwa kuwa beringi nyingi mpya hufia hapo.

Kinachoua beringi, aghalabu, si umri. Ni maji, vumbi na mkono wa mtu. Gari la wagonjwa huvuka vijito wakati wa masika, na huvuka likiwa limeshuka mteremko kwa breki, habu ikiwa ya moto. Habu ya moto ikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia ukingo wa sili, ile pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Tone moja haliui. Lakini masika nzima ya matone huigeuza grisi kuwa ya rangi ya maziwa, na grisi ya rangi hiyo haina tena uwezo wa kutenganisha chuma na chuma. Gari likilala siku mbili bila kazi, kutu huanza kama vidoa vidogo mahali rola zilipotulia. Kuanzia hapo kila mzunguko hubandua kijipande. Dereva anayesimama dakika chache kabla ya kuingia majini, habu zikapoa, ameokoa beringi. Na anayeosha gari kwa mashine ya maji ya nguvu, akaelekeza bomba kwenye habu ili ing'ae, ameitenda beringi yale yanayotendwa na mto.

Huenda msomaji amesikia pia kwamba gurudumu la kushoto huumia mapema kuliko la kulia. Si kanuni, lakini kuna sababu: kwa kuwa tunaendesha kushoto, magurudumu ya upande huo ndiyo yanayokanyaga kingo za barabara zilizolika na kuangukia mitaro midogo kila magari mawili yanapopishana mahali pembamba.

Beringi haifi kimya. Ishara ya kwanza ni mngurumo mzito, kama wa jiwe la kusagia, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda na usiobadilika dereva akibadili gia. Tairi za matope nazo huunguruma, lakini sauti yake hubadilika gari likitoka kwenye changarawe na kuingia kwenye lami, ilhali ya beringi hubaki ileile. Ili kujua ni upande upi, dereva husikiliza kwenye kona pana. Gari likikata kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa kwanza. Likikata kushoto, kinyume chake. Abiria aliyeketi mbele mara nyingi huisikia sauti hiyo kabla ya dereva aliyekwisha kuizoea, na si utovu wa adabu kumwambia.

Ishara ya pili huhitaji jeki. Gari likiwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe au vipande vya mbao na stendi imara imewekwa chini ya ekseli (kamwe mtu asitegemee jeki peke yake), fundi hulishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, bado hajajua kosa liko wapi, maana viungo vingine vya mbele vikilika huleta mchezo unaofanana na huo. Basi humwita mwenzake akanyage breki, kisha hutikisa tena. Breki ikikanyagwa, diski na habu hushikwa pamoja na mhimili. Mchezo ukitoweka, ulikuwa wa beringi. Ukibaki, uko katika viungo vya nyuma yake. Jaribio hili halina gharama yoyote, na mwenye gari anayelijua hauziwi beringi asiyoihitaji.

Hapa ndipo penye jibu la wale wanaouliza kwa nini gari linalotembea lizuiwe. Beringi iliyolegea huiacha diski ya breki iyumbe. Diski inayoyumba huzisukuma pedi za breki kurudi ndani, kwa hiyo dereva akikanyaga, pedali hushuka mbali kabla ya breki kushika. Yaani breki hupungua kabla ya gurudumu kuonyesha dalili yoyote kwa mtazamaji wa nje. Baada ya hapo joto hupanda, grisi huyeyuka na kutoka, rola huanza kuburuzika badala ya kubingirika, na mhimili wenyewe huchimbika. Mwisho wa safari hiyo ni rola kuvunjika, na gurudumu ama kukwama ama kuchomoka. Hakuna fundi awezaye kusema ni baada ya kilomita ngapi. Huenda gari likatembea mwezi mzima likinguruma; huenda likashindwa usiku uleule, likiwa na mama mwenye uchungu nyuma na mteremko mbele. Mhimili uliochimbika nao hununuliwa mpya, na bei yake haikaribiani na ya beringi.

Sasa kazi yenyewe. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini, kisha huinuliwa, huwekwa stendi, na gurudumu hutolewa. Kalipa ya breki hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, mpira hupasuka ndani pasipo kuonekana, na breki zitakuja kudai deni hilo siku nyingine. Kinachofuata ni kifuniko cha frii-wili, kile ambacho dereva hukizungusha kwa mkono kabla ya kuingia kwenye matope. Nyuma yake mna nati zinazobana vishikizo vidogo vya umbo la koni. Vishikizo hivi hukwama, na dawa yake ni kugonga pembeni kwa kipande cha shaba, si kuvitia tindo.

Baada ya hapo huonekana nati mbili kubwa na nyembamba, na katikati yake bati lililokunjwa kingo ili nati zisijifungue. Nati hizo ni za spana ya bomba ya milimita 54. Inafaa kukaa kidogo kwenye jambo hili. Gereji nyingi hazina spana hiyo, na badala yake nati hufunguliwa na kukazwa kwa tindo na nyundo. Nati iliyojaa majeraha ya tindo ni ushahidi kwamba aliyeifunga mara ya mwisho hakuweza kupima alikuwa anaikaza kiasi gani. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye hardtop anayetafuta fundi aulize kwanza kama spana hiyo ipo. Jibu litamwambia mengi kuliko kibao cha mlangoni.

Nati zikitoka, habu huvutwa taratibu huku kidole gumba kikiizuia beringi ndogo ya nje isianguke mchangani. Sili ya ndani hung'olewa na kutupwa, haitumiwi mara ya pili. Kila kitu huoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa safi. Beringi haipulizwi kwa upepo wa kompresa ikazunguka kwa kasi, ingawa vijana wengi gereji hupenda mlio wake. Bila grisi hujikwaruza, na ikivunjika hurusha vipande. Kisha hukaguliwa. Chuma chenye vishimo, mistari, au rangi ya buluu iliyoachwa na joto kali hakirudi garini. Mhimili nao hukaguliwa vivyo hivyo, hususan pale beringi zinapokaa na pale ukingo wa sili unapogusa.

Vikombe vya zamani hugongwa vitoke kwa kipande cha shaba, pigo moja huku na moja kule, visije vikakwama upande. Beringi mpya haiwekwi ndani ya kikombe cha zamani, hata kama kinang'aa: rola na kikombe huzoeana, na rola mpya juu ya njia ya zamani huilika njia hiyo upesi. Kikombe kipya huingizwa kwa mapigo ya kuzunguka. Masikio ya fundi ndiyo yanayomwambia kimefika, kwa maana mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mzito na mkavu kikikaa chini barabara.

Grisi haipakwi juu juu. Fundi huweka bonge kiganjani na kulikandamizia ubavu wa beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya rola na rola, na hufanya hivyo duara zima. Mikono iwe safi. Punje moja ya mchanga iliyoingia hapo itasaga usiku na mchana. Grisi iwe ile iliyotengenezwa kwa beringi za magurudumu yenye breki za diski, na isichanganywe na mabaki ya aina nyingine.

Tufike kwenye kiasi. Habu ikirudishwa na beringi ya nje kuwekwa, nati ya ndani hukazwa kwa nguvu huku habu ikizungushwa huku na huku, ili rola zikae mahali pake. Kisha nati hiyo hulegezwa, na hukazwa upya kwa upole mpaka mchezo utoweke huku habu ikiendelea kuzunguka kwa wepesi. Kitabu cha ufundi cha gari hutoa kipimo, na namna ya kukipata ni kuvuta stadi ya gurudumu kwa mizani ya kuning'iniza na kusoma ni nguvu kiasi gani inayoianzisha habu kuzunguka. Bati jipya huwekwa, nati ya nje hukazwa, kisha habu hupimwa tena kwa sababu nati ya nje ikikazwa huisukuma kidogo ile ya ndani, na hapo ndipo kingo za bati hukunjwa. Nati iliyolegea huiacha gurudumu icheze. Nati iliyokazwa mno huikausha grisi na kuiunguza beringi mpya. Hili la pili ni baya zaidi kwa kuwa gari hutoka gereji likiwa tulivu, pasipo mchezo wala mlio, na mwenye gari hurudi nyumbani akimsifu fundi.

Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo mengi ya madereva wa jamii, ni habari nyingine. Humo beringi kwa kawaida ni moja, yenye safu mbili za gololi, imefungwa na kutiwa grisi kiwandani, na haina nati ya kurekebisha mchezo kwa kupima. Imeshindiliwa ndani ya chuma kikubwa kinachogeuka pamoja na usukani, na habu nayo imeshindiliwa ndani yake. Ikifa hubadilishwa nzima, na kazi hiyo yahitaji mashine ya kushindilia. Chuma hicho chote hufunguliwa na kupelekwa mezani. Habu ikisukumwa nje, nusu ya pete ya ndani mara nyingi hung'ang'ania juu yake na huhitaji kuvutwa. Beringi mpya ikiingizwa ndani ya chuma, isukumwe kwa pete yake ya nje. Na habu ikiingizwa ndani ya beringi, pete ya ndani ndiyo iegemezwe kwa chini. Ukikosea hilo, nguvu yote ya mashine hupita katika gololi, nazo huacha vibonyeo katika njia yake. Nyundo hufanya kosa hilo karibu kila pigo, ndiyo maana beringi iliyoingizwa kwa nyundo huanza kunguruma kabla ya mwezi, na lawama huangukia duka.

Baadhi ya beringi hizi zina ukanda wa sumaku upande mmoja kwa ajili ya kihisi cha breki za ABS. Ukanda huo hauonekani kwa macho ya haraka. Beringi ikigeuzwa, taa ya ABS huwaka na haizimiki hata kila kitu kifunguliwe upya. Vilevile nati kubwa ya shafti hukazwa kwa kipimo chake kabla ya gari kuwekewa uzito wake juu ya gurudumu, kwani ndiyo inayozibana pamoja nusu mbili za pete ya ndani.

Kuhusu ununuzi, mlango wa gari au taa ya mtumba haina ubaya. Beringi ya mtumba ni pesa iliyotupwa, kwa sababu kutolewa kwake tu kwenye gari la kwanza kumekwisha kuiumiza. Linganisha namba iliyochongwa kwenye pete mpya na ile ya zamani, si namba ya boksi pekee. Maandishi yaliyofifia au yanayofutika kwa kucha ni sababu ya kuirudisha, na anayeuza vipuri bandia anaweza kuripotiwa kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango. Beringi isifunguliwe kutoka kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kuifunga. Na mwenye gari ana haki ya kudai kuziona na kuzichukua za zamani.

Kwa magari ya Halmashauri, matengenezo hupitia Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania, TEMESA, au gereji zilizoidhinishwa nao. Saa za mikono si nyingi: fundi mwenye vifaa vyake humaliza upande mmoja wa hardtop kati ya asubuhi na adhuhuri. Kinachokula siku ni kipuri kufika, na pia ukaguzi wa upande wa pili, ambao hufunguliwa, huoshwa na kutiwa grisi mpya hata kama haujanguruma, kwa sababu umevuka mito ileile. Mgonjwa asisubiri gari hilo. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, namba ni 115 wakati wowote, na kwa wagonjwa wengine taarifa ipelekwe mapema kwa zahanati au kituo cha afya ili usafiri mbadala upangwe.

Gari likirudi kazini, siku ya kwanza dereva husimama baada ya mwendo wa kilomita chache na kusogeza kiganja karibu na habu zote mbili za mbele bila kuzigusa. Iliyotengenezwa ikiwa ya moto kupita mwenzake kwa kiasi kinachohisika, hurudi karakana siku hiyohiyo. Baada ya siku chache za kazi huinuliwa tena kwa jeki, hutikiswa juu na chini, na nati za gurudumu hukazwa upya. Ukaguzi huo wa pili huchukua nusu saa, kwa hiyo atakayeliona gari la wagonjwa likiwa limeinuliwa tena siku hiyo asidhani kwamba limeharibika upya.